Wewe ni wa Nani? Mwongozo kwa Wakili Anayepanda Myamba

Usipande Myamba ukiwa na suti mwilini. Ikunje, itie kwenye mfuko, upande na fulana. Suti utaivaa ukifika, nyuma ya duka la kwanza lenye kioo. Kutoka Same mjini unashika njia ya Kisiwani, Hifadhi ya Mkomazi ikiwa mkono wa kushoto na milima mkono wa kulia, na joto la tambarare halimjali msomi wala asiyesoma. Kisha gari linaanza kupanda. Kona zinakazana, masikio yanaziba, abiria waliotoka mjini wananyamaza. Kabla hujaona hata nyumba moja sawasawa unasikia harufu ya tangawizi mbichi, iliyong'olewa asubuhi, udongo ungali umeganda katikati ya vidole vyake. Magunia yamepangwa kando ya njia, yamejazwa lumbesa mpaka shingo zimevimba. Umefika kazini.

Mwongozo huu ni wako wewe wakili kijana, uliyeapishwa juzijuzi, mwenye muhuri ambao bado unanukia mpira, uliyepigiwa simu na Mwenyekiti wa kampuni ya tangawizi. Alisema, "Njoo utusaidie kesi yetu, kijana wangu." Neno la kuchunga katika maneno yale lilikuwa "yetu". Ushauri wangu wa kwanza ni kwamba usilichunge.

Niseme jambo moja kabla sijashtakiwa, maana niko Upareni. Myamba ina kiwanda cha tangawizi cha kweli, na kuna ushirika wa kweli wa wakulima wa Mamba Myamba, na mfuko wa hifadhi ya jamii wa PSSSF ni mbia humo. Sisemi habari zao. Kampuni ya mwongozo huu ni ya kubuni. Nimeipa wakulima mia tatu wenye hisa, Mwenyekiti, Meneja, Mhasibu, ofisi ya vyumba viwili na mparachichi mmoja uani. Jina sikuipa, kwa sababu jina lolote nitakalolitunga litapata mwenyewe kabla ya jioni, na mwenyewe atakuwa na wakili.

Tanzania nzima hututania kwamba Mpare huuza ng'ombe apate nauli ya kwenda mahakamani kudai kuku. Utani huo tunaupenda kuliko wanaoutoa. Linalosahaulika ni kwamba ng'ombe yule alikuwa wake mwenyewe, na kuku vilevile. Uzuri wa kampuni ni kwamba unaweza kuuza ng'ombe wa watu mia tatu ukadai kuku wa Mwenyekiti.

Kesi yenyewe ni hii. Mnunuzi wa Dar es Salaam alilipia tani kumi za tangawizi kavu, zikafika tani sita na maelezo marefu. Amefungua madai. Mdaiwa wa kwanza ni kampuni, wa pili ni Mwenyekiti, wa tatu ni Meneja. Wote watatu wanakutaka wewe, kwa ada moja, na Mwenyekiti ameshasema hakuna haja ya kuwasumbua wanahisa, wako shambani.

Mteja asiyekunywa chai

Chuoni walikukaririsha habari za Aron Salomon, mtengenezaji wa viatu wa London. Aliiuzia biashara yake kampuni aliyoiunda mwenyewe, akajiandikia hisa 20,001, mkewe na watoto watano wakapata moja moja. Mwaka 1896 Baraza la Malodi likasema kampuni ile ni mtu mwingine kabisa, si Salomon, hata kama Salomon ndiye aliyeizaa, aliyeilisha na aliyelala nayo dukani. Ulilijibu swali hilo kwenye mtihani ukapata A. Sasa lisahau.

Maana kampuni ni mtu, sawa, lakini ni mtu wa ajabu. Haikupokei kituoni. Haina simu, haijui kulalamika, haikuagizii chai ya tangawizi na chapati mbili. Mwenyekiti anafanya yote hayo, na tena atakubebea mfuko wenye suti. Kwa hiyo ukijiuliza mteja wako ni nani, tazama nani ameshika birika. Ni njia rahisi na haijawahi kumkosea mwenye birika.

Wapo wakorofi watakaokuambia kwamba wakili aliyeajiriwa na kampuni anaitumikia kampuni, na kwamba Mwenyekiti ni mdomo wake tu. Mdomo ukianza kuumwa jino lake mwenyewe, watasema, utafutiwe daktari mwingine. Hao ndio waliotuletea Kanuni za Maadili ya Mawakili za mwaka 2018, zenye maneno mengi juu ya mgongano wa maslahi. Kanuni hizo ziweke kabatini Same mjini. Mlimani kuna unyevu, karatasi zitaharibika.

Azimio ni kazi ya kupoteza muda

Usiombe azimio la bodi. Ukiliomba, Mwenyekiti atakutazama kama mtu aliyealikwa harusini akadai kuona cheti cha ndoa. Atakuambia, "Bodi ni mimi na hawa," akionyesha viti viwili vitupu. Andika kwamba akidi ilitimia.

Lakini kwa kuwa mimi ni mkweli hata ninapofundisha uongo, nikusimulie habari za Bugerere. Huko Uganda, mwaka 1970, Mahakama Kuu iliamua kesi ya Bugerere Coffee Growers dhidi ya Sebaduka na mwenzake. Walikuwa wakulima wa kahawa, watu wa mvua na magunia kama sisi. Kampuni yao ilikuwa imeshtaki, au tuseme jina lake lilikuwa limeandikwa mahali pa mdai. Mahakama ikauliza azimio liko wapi. Halikuwapo. Jaji akasema kampuni ikitaka kwenda mahakamani sharti kuwe na uamuzi wa mkutano wa wanahisa au wa bodi, ulioandikwa kwenye muhtasari. Na wakili anayefungua kesi bila kutumwa na huyo anayemwita mteja, gharama za upande wa pili atazilipa yeye, mfukoni mwake.

Mfukoni mwake! Soma tena ukiwa umeketi. Ni kweli mahakama zilizofuata, Uganda yenyewe ikiwamo, zimelegeza kamba ile, hasa pale kampuni inapogombana na mtu wa nje. Ila ugomvi ukiwa wa ndani ya nyumba, kampuni upande huu na wakuu wake upande ule, swali la nani aliyekutuma hurudi likiwa na njaa zaidi. Wewe umetumwa na birika. Jiandae kulieleza hilo kwa lugha ya kisheria.

Chumba kimoja, masikio yote

Siku ya kwanza waite wote pamoja: Mwenyekiti, Meneja, Mhasibu. Waambie, "Jisikieni huru, mimi ni wakili wenu, lolote mtakalosema ni siri." Ni maneno matamu na yamefanya kazi duniani kote. Kuna maneno mengine, machungu, ambayo mawakili wa Marekani wamejizoesha kuyatamka kabla ya mazungumzo ya namna hii, tangu kesi ya kampuni ya dawa ya Upjohn iliyofika Mahakama ya Juu ya nchi hiyo mwaka 1981. Humwambia mfanyakazi: mimi ni wakili wa kampuni, si wako, siri ya mazungumzo haya ni ya kampuni, na kampuni ikitaka kuitoa itaitoa bila kukuuliza. Fikiria kumwambia Meneja wa Myamba maneno hayo wakati mkewe anakusogezea makande! Ni utovu wa adabu. Usithubutu.

Aliyekosa kuyasema kwa uwazi, au aliyeyasema wasimsikie, tunaye. Mwaka 2011 Chuo Kikuu cha Penn State, kule Pennsylvania, kilikuwa kinachunguzwa juu ya kocha msaidizi wa zamani aliyewadhulumu watoto. Wakuu wa chuo waliitwa mbele ya baraza la mahakama, yule wa michezo na yule aliyekuwa wa fedha mwezi Januari, rais wa chuo mwezi Aprili. Waliingia wakisindikizwa na mwanasheria mkuu wa chuo, Cynthia Baldwin, mtu aliyewahi kuketi kwenye Mahakama ya Juu ya jimbo lile lile, kwa hiyo usidhani haya ni makosa ya vijana. Kila mmoja alipoulizwa kama ana wakili, alimtaja huyo mama aliyekuwa chumbani naye. Mama akanyamaza. Moyoni alikuwa wakili wa chuo. Mwaka 2012 akaitwa mwenyewe mbele ya baraza, akatoa ushahidi uliowagusa watu wale wale aliowasindikiza. Januari 2016 mahakama ya rufaa ya jimbo ikayafuta baadhi ya mashtaka yao mazito kwa sababu hiyo, na mwaka 2020 Mahakama ya Juu ikaagiza mama apewe karipio hadharani.

Tazama hesabu yake: chuo kiliumia, wakuu waliumia, mwendesha mashtaka akapoteza mashtaka, na wakili akapoteza jina. Hakuna aliyefaidi. Nimetafuta sana mtu aliyefaidi nisimpate, na ndiyo maana kisa hiki nimekiweka hapa ili ukiruke.

Daftari la Meneja

Usiku wa kwanza utalala Myamba, maana gari la kushuka limeshaondoka. Meneja atakusindikiza hadi nyumba ya wageni akiwa na tochi. Baridi itakuwa imeshuka, ile ya mlimani inayokufanya uzungumze kwa sauti ya chini bila sababu. Katikati ya njia atasimama.

"Wakili," atasema, "kuna kitu sikukisema mbele ya Mzee."

Kwapani ana kauntabuku, jalada jeusi, mgongo mwekundu. Ataifungua juu ya goti, amulike. Safu ya kwanza ni tarehe, ya pili namba ya gunia, ya tatu kilo. Mwandiko ni mzuri, wa mtu aliyefundishwa na mwalimu mkali. Katika ukurasa wa mwezi wa nane kilo zimeandikwa kwa kalamu ya bluu, kisha juu yake zimeandikwa tena kwa nyeusi, kubwa zaidi. Gunia la kilo sabini na mbili limekuwa mia moja na kumi. Gunia linalofuata nalo hivyo hivyo. Ukurasa mzima umenenepa usiku mmoja.

"Bluu ni mimi," atasema Meneja. "Nyeusi ni mimi pia, lakini Mzee alikuwa amesimama hapa." Ataonyesha bega lake la kushoto.

Hongera. Sasa una wateja watatu na siri moja, na siri hiyo ina sumu kwa mmoja, dawa kwa wa pili, na kwa kampuni ni mali kabisa: ndiyo itakayoiwezesha kumdai Mwenyekiti zile tani nne. Ukiiambia kampuni, umemsaliti Meneja uliyemwahidi siri. Usipoiambia, umeinyima kampuni habari ambayo inakulipa ada uitafute. Ukimnong'oneza Mwenyekiti, basi Meneja atakuwa mkulima wa kawaida kufikia Jumatatu. Wakili wa kawaida angetoka kwenye kesi hii usiku ule ule, kwa miguu ikibidi. Wewe funga daftari, sema "tutaona", ukalale. Ushahidi hauozi. Tangawizi ndiyo inayooza.

Ningeweza kuishia hapa, kwa sababu mambo mengine yote yanatokana na tochi ile. Ila umelipa mwongozo mzima.

Majibu ya pamoja

Una siku chache za kuwasilisha majibu ya madai. Andika hati moja kwa wadaiwa wote watatu. Karatasi ni ghali na mashine ya kuchapa Same mjini ina foleni. Shida ndogo itakayojitokeza ni kwamba kila mmoja ana utetezi mzuri, na kila utetezi mzuri unamchoma mwenzake. Utetezi bora wa kampuni ni kwamba Mwenyekiti alisaini mkataba wa tani kumi bila idhini ya bodi. Utetezi bora wa Mwenyekiti ni kwamba bodi ilijua na yeye alitumwa tu. Na wa Meneja uko kwapani mwake, umefungwa kwa mpira.

Usichague. Andika: "Wadaiwa wote wanakana kila kitu." Ni sentensi nzuri, ina heshima, haimkwazi mtu. Kwa hati hiyo utakuwa umetupa tetezi tatu za kweli ili kutunza amani ya meza moja, na hakuna atakayejua mpaka hukumu. Watu wa kale walisema njia mbili zilimshinda fisi. Ni kwamba fisi hakuwa na leseni ya uwakili. Angekuwa nayo angepasuka msamba kwa njia tatu na kutoza ada kwa kila moja.

Hapa nitoke kwenye kejeli kidogo, nirudi baadaye. Kuwatetea kampuni na mkuu wake pamoja si kosa lenyewe kwa lenyewe. Mtu wa nje akiwashtaki wote kwa jambo lile lile, na jibu lao likawa moja kweli, wakili mmoja ni nafuu kwa wakulima, na sheria haimkatazi mtu unafuu. Kinachotakiwa ni kuwaambia wote mapema, kila mtu peke yake, nini kitatokea wakianza kugongana. Wakubali kwa maandishi wakiwa wanaelewa. Wajue pia nani kati yao atabaki bila wakili siku hiyo ikifika, au kama wakili mwenyewe atawaacha wote. Ni mazungumzo ya nusu saa. Nimeshangaa mara nyingi jinsi watu walivyo tayari kuendesha kesi miaka sita ili kuikwepa nusu saa hiyo.

Kama ni lazima wasaini kitu, basi waandikie kwa Kiingereza. Bahati mbaya tangu mwaka 2021 sheria imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama zetu, na uhuru wetu wa kutoeleweka umepungua sana.

Ada, na zawadi

Ada yako italipwa na kampuni. Ya kumtetea Mwenyekiti pia italipwa na kampuni. Hata siku Takukuru watakapomwita yeye peke yake, kwa jambo lake peke yake, hundi itatoka kwenye akaunti ile ile, yaani kwenye kilo za watu mia tatu. Usiulize kama kuna uamuzi wa kulipa hivyo. Chukua risiti, ushuke mlima. Gunia la tangawizi utakalowekewa garini ni desturi tu ya ukarimu; ila tazama vizuri kama uzito wake umeandikwa kwa bluu au kwa nyeusi.

Kuwa kila kitu

Sheria ya Makampuni ya mwaka 2002 inataka kila kampuni iwe na katibu. Kubali ukatibu. Utakuwa unaandika muhtasari wa vikao, kisha unavitolea ushauri, kisha unavitetea mahakamani, kisha, siku muhtasari ukibishaniwa, utakuwa shahidi wa kueleza kilichosemwa kikaoni. Utatoka kwenye meza ya mawakili, uvuke hatua nne, upande kizimbani, ujihoji. Mahakimu hawalipendi hilo, lakini ni mazoezi mazuri ya mwili.

Pia una muhuri wa kamishna wa viapo. Mwenyekiti atahitaji kuapa hati ya kiapo katika kesi hii hii unayoisimamia, na kushuka Same kumtafuta kamishna mwingine ni siku nzima. Sheria ya makamishna wa viapo, katika kifungu chake cha 7, inamkataza wakili kupokea kiapo kwenye shauri ambalo yeye ni wakili wa mmoja wa wahusika au lenye maslahi yake. Gonga tu. Wakili wa upande wa pili akiona muhuri huo ataandika pingamizi la awali la kurasa mbili, hati itaondolewa, na wewe utapata kazi ya kuiandika upya.

Milimani kwetu kuna ndiva, yale mabwawa ya kukinga maji. Maji hujaa usiku, asubuhi hufunguliwa yashuke mferejini kwa zamu, shamba kwa shamba. Sijawahi kumwona mtu akiachiwa afungue, apime, ahesabu zamu, na wakati huo huo shamba lake liwe la kwanza kwenye mfereji, halafu wenzake wakaenda kulala. Watasimama juu ya tuta na majembe wakimtazama. Wazee waliojenga mabwawa hayo hawakusoma kanuni za 2018, na sidhani kama wangeona ndani yake jambo jipya.

Ndoa ikivunjika

Itavunjika. Mwanahisa mmoja, mara nyingi mwalimu mstaafu, ataomba kuona vitabu. Ataona wino wa rangi mbili. Sheria inamruhusu kwenda mahakamani kuomba ruhusa ya kuwashtaki wakuu kwa niaba ya kampuni, pale kampuni yenyewe inapokaa kimya kwa sababu mdomo wake umekaliwa na wakuu hao. Ruhusa ikitoka utaamka asubuhi ukikuta mteja wako wa kwanza anamdai mteja wako wa pili, na mteja wa tatu ndiye shahidi mkuu.

Mwongozo unasema: mshike mwenye fedha, uwageukie wengine. Unawajua vizuri, umekula kwao, umemulikiwa daftari lao. Nani awezaye kuwashtaki vizuri kuliko wewe?

Mahakama ya Rufani ya Kenya ina jibu. Mwaka 1993, katika kesi ya King Woollen Mills na mwenzake dhidi ya Kaplan & Stratton, ilikutana na kampuni kongwe ya mawakili wa Nairobi iliyokuwa imewahudumia mkopeshaji na mkopaji kwa pamoja katika kuandaa mkopo. Ugomvi ulipozuka, mawakili hao walitaka kusimama na mkopeshaji dhidi ya mkopaji. Mahakama ikawazuia. Ilisema wakili aliyepokea kazi ya pande mbili kwa pamoja anabeba amana ya zote mbili, na aliyoyajua kwa upande mmoja hawezi kuyageuza silaha dhidi yake. Kesi hiyo hutajwa mpaka leo kila wakili anapoombwa atoke, na kwenye korido za mahakama utaona mawakili wakiinong'ona kama jina la ugonjwa.

Kwa hiyo hutamshika mwenye fedha. Utatoka, na utawaacha wote. Kampuni itatafuta wakili mpya, Mwenyekiti wake, Meneja wake. Watatu kwa kazi uliyoifanya kwa ada moja, na kila mmoja ataanza upya kusoma jalada. Wakulima watalipa. Wewe unaweza kuitwa kwenye Kamati ya Mawakili, ambayo ina uwezo wa kukuonya, kukusimamisha au kulifuta jina lako kwenye orodha. Ukifika, vaa suti. Huko hakuna vumbi.

Mkutano mkuu

Kabla ya yote hayo kutakuwa na siku moja ya hatari kweli, na ndiyo nimeihifadhi mwisho. Mkutano mkuu utafanyika darasani, kwa kuwa ofisi haitoshi. Watu mia na zaidi watabanana kwenye madawati ya watoto, magoti juu. Wewe utakuwa meza kuu, kati ya Mwenyekiti na Meneja, na mbele yenu kitambaa cha meza, maua ya plastiki na birika. Mwenyekiti atakutambulisha: "Huyu ndiye wakili wetu." Watapiga makofi.

Bibi mmoja atainua mkono. Atakuwa safu ya pili, khanga begani, mikono yenye nyufa za manjano ambazo sabuni imezikatia tamaa. Atasimama polepole.

"Shikamoo, bibi," utamwahi.

"Marahaba, mjukuu wangu. Wewe ni wa nani?"

Usitishike. Kijijini swali hilo lina jibu tangu dunia iumbwe. Taja baba yako. Taja ukoo, taja kijiji, ongeza na mjomba wa Vunta kama unaye. Darasa litacheka kwa furaha, mtu wa nyuma atapaza sauti kwamba basi wewe ni shemeji yake, na utahisi hatari imepita.

Bibi hatacheka. Atangoja watulie.

"Baba yako namjua," atasema. "Tumechota maji ndiva moja. Nauliza wewe, hapo mezani ulipokaa. Wewe ni wa nani?"

Darasa litanyamaza. Meneja atatazama viatu vyake. Na kabla hujafungua mdomo, Mwenyekiti atakuwa ameshanyanyua birika, anakumiminia chai.